Uzito wa Mnara

Ukimwambia dada yangu kwamba mlango wako una upana wa mita moja, atakuitikia kwa adabu, atamaliza chai uliyomkaribisha, halafu atatoa tepu mfukoni na kwenda kuupima mwenyewe. Hana nia ya kukudharau, ndivyo alivyo tu. Watu wengi wamemnunia kwa sababu hiyo, na mara nyingi ni mimi niliyewaomba radhi huku yeye amepiga magoti sakafuni mwao akisoma namba.

Dada ni mhandisi, na kazi yake ni kubuni mashine ambazo huzikuti dukani. Mtu anakuja karakanani kwetu na shida yake: ana kiwanda kidogo cha sabuni na vipande havitoki sawa, au ana tanuri la mikate na trei zinawaunguza wafanyakazi, au amebaki na mguu mmoja na anataka cherehani atakayoiendesha kwa mkono. Dada anamsikiliza, anakwenda kwake, anapima, kisha anapanda ngazi ya chuma hadi kwenye chumba chake kilicho juu ya karakana na kujifungia na kompyuta. Akishuka, ana michoro. Michoro inakwenda kwa mkereza na kwa mchomeleaji, chuma kinakatwa, na mashine ikikamilika mimi naipakia kwenye gari na kuipeleka kwa mwenyewe. Mimi ni dereva wa karakana. Dada ndiye aliyeniombea kazi hiyo, na hajaniruhusu nisahau.

Jina la Milimita alipewa na mkereza wetu, mzee aliyekula chumvi nyingi na asiyependa kurudia kazi. Siku hiyo dada alikuwa amemrudishia mhimili alioukereza asubuhi nzima, kwa kosa ambalo mimi sikuliona hata nilipoonyeshwa. Mzee akaukamata ule mhimili, akautazama huku na huku, akasema, "Haya, Bibi Milimita. Nikiuharibu zaidi nitakuita." Wote tukacheka, na dada akacheka kuliko sisi. Tangu hapo hata bosi humwita hivyo mbele ya wateja.

Hupima watu pia. Tulipokwenda kwa yule mwenye tanuri la mikate, bwana mwenyewe alisimama wima, kifua mbele, tayari kupimwa kwa ajili ya mashine yake mpya. Dada akamuuliza, "Bwana, wewe ndiye utakayesimama hapa kutoa trei?" Yule bwana akasema ana wafanyakazi wake. "Basi niitie hao," dada akasema. Wakaja kina mama wawili wenye vilemba vyeupe kwa unga, wakacheka kwa haya wakati dada akipima vimo vya viwiko vyao. Mmoja akaniuliza pembeni kama huyu ni mhandisi au fundi cherehani. Nikamwambia hata sisi nyumbani hatujajua bado.

Nayasema haya yote ili ieleweke kwamba dada yangu si mtu wa kubahatisha, na kwamba kilichotokea kwa baba si uzembe.

Baba yetu alikuwa fundi mwashi. Mtaani walimwita Mnara, kwa urefu na kwa upana. Alikuwa na mabega ya kuziba mlango, na sauti ya kuita mtu aliye ghorofa ya tatu bila kupanda. Kulikuwa na hadithi moja kumhusu ambayo kila mtoto wa nyumba yetu aliijua kabla ya kujua kusoma. Alipokuwa kijana alipita kwenye ghala la nafaka, akapanda juu ya mizani ya magunia kwa utani, na mwenye ghala akapiga ukelele: kilo mia moja na kumi! Baba aliisimulia kwa kila mgeni. Mama alikuwa akimtania kwamba mahari yake ilitolewa na mtu mmoja lakini yeye alipata waume wawili. Kwa hiyo ukituuliza sisi uzito wa baba, hatukuwa na haja ya kufikiri.

Halafu kiharusi kikampiga. Upande wake wote wa kushoto ukalala, na mguu wa kulia nao haukuwa na nguvu ya kumsimamisha. Kichwa chake kilibaki kizima na ulimi ulirudi, ingawa mdomo ulikwenda upande. Alitaka jambo moja tu kila siku: atolewe kitandani, aketishwe kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya mlango, awaone watu wakipita na kuwakosoa mafundi waliokuwa wakijenga ng'ambo ya barabara. Asubuhi na jioni nilimwinua mimi. Mchana, nikiwa kazini, mama ndiye aliyemwinua. Mama alisimama nyuma yake, akapitisha mikono chini ya makwapa, akafunga vidole kifuani pake na kumvuta. Dada alipokuja Jumapili na kutaka kusaidia, baba alikataa katakata. "Binti yangu hatanibeba kama gunia," alisema. "Labda nikishakufa."

Siku moja mgongo wa mama ukagoma akiwa katikati ya kumvuta. Wakateleza wote wawili, wakakaa pale sakafuni kati ya kitanda na kiti, mama hawezi kusimama, baba hawezi kumsaidia. Nilipofika alasiri niliwakuta hivyo. Mama alikuwa amekiweka kichwa cha baba mapajani mwake na walikuwa wakizungumza habari za watu wengine, kana kwamba wamekaa pale kwa hiari yao. Nilitoka nje kwanza nikajifuta uso ndipo nikarudi kuwainua.

Daktari akamwambia mama asinyanyue kitu tena, ama sivyo watalala wote wawili. Na habari zikamfikia baba mdogo, ndugu wa baba, mtu wa mji mwingine mwenye nyumba kubwa na vijana wengi. Alikuja, akakaa sebuleni na kofia yake gotini. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu lile ambalo lilikuwa na maana.

"Shemeji, huwezi tena. Kwangu kuna watu wa kumgeuza usiku na mchana. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua ndugu yangu."

"Na mimi?" mama akauliza.

"Wewe utakuja kumtembelea, Mungu akipenda."

Mama aliangalia mikono yake. Walikuwa hawajawahi kulala mbali tangu baba alipoacha kusafiri kwa kazi za ujenzi, na sote tuliokuwa sebuleni tulijua kwamba kule, bila yeye, baba angekufa haraka. Kutoka chumbani baba akaita, kwa sauti iliyobaki, "Mnaniuza kwa nani huko?" Dada akamgeukia mgeni. "Baba mdogo, mwisho wa mwezi njoo. Lakini kabla hujamchukua, utaangalia kitu kwanza. Nitatengeneza cha kumwinua, mama asimamie tu."

Vifaa vya kuinulia wagonjwa alivijua. Vile vya hospitalini havikupita mlango wa chumba cha baba, na magurudumu yake yalitaka sakafu laini, siyo ya kwetu yenye nyufa. Vya umeme mama alivikataa, kwa sababu umeme wetu huja na kuondoka upendavyo, na hakutaka mumewe aachwe akining'inia gizani. Dada akaamua kutumia mizani. Nguzo ya chuma ifungwe sakafuni kando ya kitanda, juu yake ukae mkono mrefu unaogeuka. Upande mmoja baba akae ndani ya turubai iliyoshonwa, upande wa pili viwekwe vyuma vinavyokaribia uzito wake. Vikilingana, mama angemwinua kwa kusukuma mkono kwa vidole, na kumshusha vivyo hivyo. Pini moja ya chuma ingefunga mkono usicheze wakati baba hayumo.

Alikuja kupima. Alipima kimo cha kitanda, upana wa mlango, unene wa sakafu, kiwiko cha mama, hata urefu wa viganja vyake. Alimfanya mama asukume mizani ya jikoni ukutani ili ajue nguvu ya kidole chake. Baba alikuwa akimfuata kwa macho, amefunikwa blanketi hadi shingoni.

"Unapima chumba au unapima kaburi?" akauliza.

"Baba!"

"Nauliza tu. Ukipima la pili, nitafutie lenye nafasi. Mimi si mtu mdogo." Akacheka kwa nusu ya mdomo. Sisi tulishindwa kucheka.

Karakanani, kazi ile haikuwa ya mteja, na bado hakuna aliyeifanya kwa mkono wa kushoto. Bosi alitoa chuma. Mchomeleaji alirudia mishono ambayo ilikuwa mizuri tayari. Mkereza aliukereza mhimili akaupeleka juu kwa dada yeye mwenyewe, akasimama mlangoni akisubiri, na dada alipoupima na kunyamaza, mzee akashusha pumzi. Mimi nilikuwa pale siku alipoandika uzito kwenye hesabu zake. Nilimpelekea chai. Aliandika mia moja. Nikamwuliza, "Mia na kumi imekwenda wapi?" Akasema, "Amekuwa mgonjwa. Nimepunguza kumi." Akaona ameyakabili mambo kwa moyo mgumu. Nami nikaona hivyo hivyo, mimi niliyemwinua baba asubuhi na jioni! Kweli alikuwa mwepesi kuliko zamani mikononi mwangu, ila mimi nilidhani ni kwamba nimepata nguvu.

Tuliijaribu kwa magunia ya mchanga, kisha mkereza akajitolea kukaa kwenye turubai. Hakufika uzito, ikabidi apakatishwe chuma cha kutosha. Dada akamwinua kwa kidole kimoja hadi miguu ikaacha sakafu. Karakana nzima ilivunjika mbavu, na mzee huko juu akidai ashushwe kabla hajaota mbawa. Nilimwona dada akitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu.

Baba mdogo alikuja siku aliyosema, na gari lake likaegeshwa nje huku kiti cha nyuma kimetandikwa mito tayari. Tulikuwa tumekwisha kuifunga nguzo. Mama alimvalisha baba shati safi, tukampitishia turubai chini ya mapaja na mgongoni.

"Hii ni nini?" baba akauliza.

"Mbeleko," mama akamwambia.

"Mbeleko! Basi nimezaliwa upya. Nani mama yangu hapa?"

Dada akafunga ndoano, akahakikisha kila kitu mara mbili, akashika mkono wa mashine, akachomoa pini.

Mkono ukaruka. Baba alinyanyuka kitandani kwa ghafla, akapita kimo alichotakiwa kukomea, na vyuma vya upande wa pili vikaishukia sakafu. Dada aliudandia mkono kwa uzito wake wote, nami nikauwahi, ukasimama. Baba alining'inia juu ya kitanda chake. Blanketi lilikuwa limedondoka. Miguu yake iliyotoka kwenye suruali ilikuwa myembamba sana, magoti yakiwa ndiyo mapana kuliko kitu kingine, na shati lile safi lilikuwa limemzidi kila upande. Hapo ndipo tulipomwona. Siku zote hizo tulikuwa tukimtazama na tukimwona Mnara.

"Mashine yenu ina wazimu," baba mdogo akasema kwa hofu. "Mshusheni, naondoka naye."

Dada aliangalia vyuma, akaangalia magoti ya baba. Nilimwona anaelewa, na ningetoa chochote nisiione sura ile. "Mashine ni nzima," alisema. "Mimi ndiye nimekosea."

Tukauvuta mkono chini kwa pamoja, akairudisha pini. Baba akakaa tena kitandani, akihema, hajaumia. Dada akachukua spana, akapiga magoti upande wa vyuma, akafungua kimoja, akakilaza chini kando ya ukuta.

"Unatoa nini hapo?" baba akauliza.

"Uzito, baba."

"Uzito wa nani?"

"Wako."

Baba alikitazama kile chuma sakafuni. Dada akachomoa pini kidogo, mkono ukataka kuruka tena, akairudisha. "Toa kingine," baba akasema. Akatoa. "Bado. Toa kingine." Ndivyo walivyokwenda, baba akiamuru kama zamani alivyowaamuru vibarua wake, na dada akitii bila kuinua uso, hadi kando ya ukuta kukawa na lundo. Baba akaliangalia lundo hilo kwa muda.

"Kumbe nimeshaanza kuondoka kitambo," alisema, "na hakuna aliyeniambia."

Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililotuumiza. Baba mdogo alikwenda kusimama dirishani. Mama alikuja pale, akamsogeza dada kando kwa upole, akachomoa pini yeye mwenyewe. Mkono ukatulia. Akaugusa kwa vidole, na mumewe akainuka polepole; mama akageuka naye, akamleta juu ya kiti. Miezi yote ile alikuwa akimwinua akiwa nyuma yake, amemkazia macho kisogo. Sasa walikuwa ana kwa ana.

"Umezeeka, mama watoto," baba akamwambia.

"Wewe je?"

Akamketisha. Baba mdogo alichukua kofia yake, akaenda kutoa mito garini, akaiingiza ndani akaiweka kwenye kiti cha baba. "Basi atakaa kwenu," alisema. Alimbusu kaka yake kwenye paji la uso na kuondoka kabla ya chakula.

Dada nilimkuta nyuma ya gari langu, analia kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akilia tangu utotoni. "Nimepima kiwiko cha mama," alisema. "Nimepima mpaka nyufa. Baba yangu mwenyewe nimemwandika kwa kusikia." Nilimwambia sisi sote tulimwandika hivyo. Haikumsaidia. Nilisimama naye tu mpaka akamaliza.

Baba akawa anakaa mlangoni kila siku. Aliwapigia kelele wale mafundi wa ng'ambo kuhusu kuta zao, mpaka wakaanza kuja kumwuliza kabla ya kujenga. Mama alipona mgongo. Na kila Jumapili dada alikuja na mfuko wa spana, akamsalimia baba, akamfunga kwenye mbeleko, akachomoa pini na kuangalia mkono unaelekea wapi. Mara nyingi upande wa baba ulikuwa unapanda. Basi alifungua chuma, akakiongeza kwenye lundo la ukutani. Baadaye alikuja na vyuma vidogo alivyokata karakanani, kwa sababu vile vikubwa vilizidi. Alipofanya kazi hiyo, baba alikuwa akijifanya amesinzia. Sikuwahi kuona kazi iliyomtesa dada kama ile, wala sikuwahi kumwona akiichelewesha. Mama alikuwa akienda jikoni na kugonganisha vyombo visivyohitaji kuoshwa.

Jumapili moja dada alipotoa spana, mama hakwenda jikoni. Alisimama mbele ya vyuma.

"Leo usiguse," alisema.

"Mama, haijakaa sawa. Baba amepungua tena, nimemwona tangu mlangoni."

"Imekaa sawa."

"Mkono utapanda wenyewe. Utamshushaje?"

"Namshusha. Wiki nzima hii nimemshusha. Tazama."

Dada akanigeukia kama vile mimi ningemweleza. Mama akamwandaa baba, akafunga ndoano, akachomoa pini. Mkono ukamnyanyua baba bila mtu kuusukuma, akawa juu pale, mwepesi, macho yake kwa mama. Mama akamgeuza hadi juu ya kiti. Baba hakushuka. Vyuma vilikuwa vizito kumshinda, vikamshikilia hewani. Ndipo mama alipomkaribia, akamzungushia mikono mabegani, akaweka shavu lake kwenye shavu la baba lililolala, na kumwegemea taratibu. Alijilegeza mwili wote, akampa uzito wake, na wawili hao wakaanza kushuka pamoja.

"Unanielemea, mama watoto," baba akasema.

"Nyamaza."

"Mgongo wako, mama," dada akanong'ona.

"Sibebi kitu, mwanangu."

Wakafika kwenye kiti. Mama hakumwachia. Mtu alitakiwa kufunga mkono wa mashine ili usipande, na leo mama hakutaka kumwachia baba hata kwa mkono mmoja. Dada akaiweka spana mfukoni, akapita nyuma yao kwa ncha za vidole, akaisukuma pini mahali pake polepole ili isitoe mlio, na wao wakaendelea kukumbatiana.